Shajara ya Hiace ya 3L, Bukavu: injini imetengenezwa yote, inazunguka, haiwaki

Gari ni Toyota Hiace yenye injini ya 3L: ya mazutu (dizeli), silinda 4, ujazo wa sentimita za ujazo 2,779, pistoni ya milimita 96 na mwendo wa milimita 96, mpangilio wa kuwaka 1-3-4-2. Pampu ya mazutu ni ya aina ya VE, na mkanda wa meno unaoizungusha ndio huohuo unaozungusha shafti ya kame, yaani kemshafti. Hakuna kompyuta wala sensa ya kulaumiwa. Kazi inafanyika Kadutu, mjini Bukavu, mita zipatazo 1,500 juu ya usawa wa bahari, na mwinuko huo una neno lake kwenye siku ya 4.

Gari lilichemka likipanda mteremko wa Ngomo kutoka Kamanyola, gasketi ya kilasi (kichwa cha silinda) ikaungua kati ya silinda ya 2 na ya 3. Yaliyofanywa baadaye: kilasi imesawazishwa uso, supape (vali) na viti vyake vimesagwa, vilbreke (krenki) imesagwa na kuwekewa kusine (beringi) za milimita 0.25, segma (ringi za pistoni) mpya, nozeli nne mpya, mkanda wa meno mpya, filta mpya ya mazutu. Pampu ya mazutu ilitolewa kwenye nafasi yake, ikaoshwa nje, ikarudishwa. Ndani haikuguswa.

Sentensi hiyo ya mwisho ndiyo iliyoongoza kazi nzima. Kabla ya kuchemka, injini hii ilikuwa ikiwaka asubuhi bila shida. Kwa hiyo kinachoizuia sasa kwa sehemu kubwa ni kitu kilichoguswa: kimefungwa vibaya, kimebadilishwa nafasi, kimesahauliwa au kimepakwa rangi. Mafundi wengi injini ikikataa kuwaka huanza kwa kufungua pampu, ambayo ndani yake haikuguswa, na hapo gari lenye kosa moja huwa gari lenye makosa mawili. Kufungua pampu kuliwekwa mwisho kabisa wa orodha.

Siku ya 1: kuzungusha kwa mkono

Kabla ya demarere (staata), buji zote nne za kupasha moto zilitolewa ili mgandamizo usizuie mkono, kisha vilbreke ikazungushwa mizunguko 2 kamili kwa ufunguo mrefu kwenye bolti ya puli ya mbele. Mizunguko ni miwili kwa sababu shafti ya kame huzunguka mara moja tu vilbreke inapozunguka mara mbili, na mzunguko mmoja hauonyeshi supape zote. Mkono ukikuta kitu kigumu kinachosimamisha ghafla, hapo ni supape inagusa pistoni. Usilazimishe, fungua kifuniko cha mkanda. Hapa mkono ulipita sawa, mzito kidogo kama inavyotakiwa kwa segma na kusine mpya.

Kisha mafuta ya injini. Waya wa elektrovani (vali ya umeme) ya pampu ulichomolewa ili mazutu yasipite, demarere ikapigwa sekunde 10, ikapumzishwa nusu dakika, ikapigwa tena. Taa ya mafuta ilizimika kwenye awamu ya tatu. Kusine mpya zisizungushwe kwa kasi kabla taa hiyo haijazimika.

Buji zikarudishwa, waya ukarudishwa, jaribio la kwanza likafanyika. Injini ilizunguka, haikukohoa hata mara moja, na bomba la nyuma halikutoa moshi wowote.

Moshi wa bomba la nyuma wakati demarere inazunguka unafaa kuandikwa kwanza, kabla ya chochote. Hakuna moshi kabisa: mazutu hayafiki kwenye silinda, kwa hiyo usihangaike na buji wala mgandamizo. Moshi mweupe unaonuka mazutu mabichi: mazutu yanafika lakini hayawaki, kwa hiyo tafuta joto, kasi ya mzunguko, mgandamizo au kalaji, yaani saa ya pampu kupiga. Moshi mweusi: yanawaka lakini hewa ni kidogo au mazutu ni mengi, angalia kama kitambaa kimesahauliwa kwenye njia ya hewa.

Siku ya 2: mazutu hayafiki

Nati za mirija kwenye injekta zililegezwa mzunguko mmoja na nusu, demarere ikapigwa. Zikabaki kavu zote nne. (Usiweke kidole wala kiganja karibu na nati hizo wakati wa kupiga demarere. Mazutu yenye shinikizo la injekta hupenya ngozi, na jeraha hilo linatakiwa kufika hospitali siku hiyohiyo hata kama linaonekana kama tundu la sindano.)

Elektrovani kwanza, kwa kuwa haihitaji kufungua kitu. Multimeta kati ya kichwa chake na bloku ya injini: volti 11.9 ufunguo ukiwa umewashwa, na mlio wa "tik" ulisikika waya ulipochomolewa na kugusishwa tena. Wakati wa kupiga demarere volti zilishuka hadi 8.6. Elektrovani iliendelea kushika, lakini namba hiyo ilizungushiwa duara kwenye daftari.

Pampu ya mkono iliyo juu ya filta ikafuata. Filta ikijaa, mkono unapaswa kukuta ugumu. Hapa ulisukumwa zaidi ya mara 80 na ukabaki laini. Kipande cha mrija wa plastiki unaopenyeza mwanga kiliwekwa mahali pa mpira unaoingia kwenye pampu, na ndani yake ukaonekana msururu wa mapovu madogo. Hewa ilikuwa ikinyonywa mahali fulani kati ya tangi na pampu. Upande huu mazutu hunyonywa, hayasukumwi, kwa hiyo pengo dogo huingiza hewa bila kudondosha hata tone chini ya gari. Mtu anayetafuta sakafu iliyolowa hataliona.

Filta ilipofunguliwa, mpira wa duara wa filta ya zamani ulikuwa umebaki umenata kwenye kichwa cha chuma, mweusi na bapa kama sehemu ya chuma chenyewe, na mpira mpya ulikuwa umekaa juu yake. Mipira miwili haizibi. Wa zamani ulibanduliwa kwa ukucha, kichwa kikafutwa, mpira mpya ukapakwa mazutu kidogo, filta ikafungwa kwa mkono. Ugumu ulipatikana baada ya misukumo 35 hivi, na mapovu yakaisha.

Hata hivyo mirija ya injekta iliendelea kuwa mikavu.

Hapa ndipo pampu nyingi za VE hupelekwa kufunguliwa bila kosa. Pampu ina bolti mbili zenye tundu katikati, moja ya mazutu yanayoingia na moja ya yanayorudi tangini. Kwa nje zinafanana: unene mmoja, uzi mmoja, ufunguo mmoja. Ya kurudi imeandikwa OUT kichwani, na tundu lake la pembeni ni dogo sana, karibu nusu milimita. Udogo huo una kazi: ndio unaobakisha shinikizo ndani ya nyumba ya pampu ili ijae na iweze kusogeza kalaji yake. Ukizibadilisha nafasi, pampu inavuta mazutu kupitia tundu la sindano na kuyaachia yarudi kupitia mlango mpana.

Bolti zote mbili zilitolewa na kuinuliwa kuelekea dirishani. Ile iliyokuwa upande wa kuingilia ilipitisha mwanga kama nukta, na kichwani, chini ya uchafu, herufi OUT zikasomeka baada ya kupita brashi ya waya. Zilirudishwa kila moja mahali pake zikiwa na pete mpya za shaba, mbili kwa kila bolti. Pete ya shaba iliyokwisha kubanwa haizibi vizuri mara ya pili.

Demarere kwa vipindi vya sekunde 10. Kwenye kipindi cha tatu mazutu yalianza kutoka kwenye nati, kwanza na povu, kisha safi. Nati zilikazwa wakati mazutu yanatoka, moja baada ya nyingine.

Mazutu yaliyokuwa tangini yalijazwa pia kwenye chupa ya maji ya plastiki na kuachwa hadi asubuhi. Kulionekana mstari wa maji chini, unene wa kidole kwenye chupa ya lita moja na nusu. Tangi likamwagwa lote. Mazutu ya kununua kwa bidoni (madumu) yapitishwe kwenye chupa namna hii kila mara, kwa kuwa maji huharibu nozeli mpya kabla ya kitu kingine chochote.

Siku ya 3: moshi mweupe

Sasa bomba la nyuma lilitoa moshi mweupe mwingi unaouma macho, na injini ikakohoa mara mbili. Mazutu yanafika. Tatizo limehama.

Namba 8.6 ya jana ilirudiwa. Injini ya mazutu huwasha kwa joto la hewa iliyogandamizwa haraka. Ikizunguka polepole, hewa huvuja kupita kwenye segma na joto lake humezwa na chuma kabla mazutu hayajaingia. Batri ilipimwa ikiwa imetulia: volti 12.6, nzuri. Ikipiga demarere, kwenye nguzo zake zenyewe: volti 10.2. Lakini kati ya bloku na waya mzito wa demarere kulikuwa na 8.6. Volti 1.6 zilipotea njiani.

Kujua zinapotelea wapi, multimeta iliwekwa mguu mmoja kwenye nguzo hasi ya batri na mwingine kwenye bloku, demarere ikapigwa: volti 1.3. Kipimo hicho kinatakiwa kisizidi 0.5, na kwenye masi (ardhi ya umeme) safi hakifiki hata 0.3. Waya wa masi ulikuwa umefungwa juu ya rangi mpya ya bloku. Rangi ilikwanguliwa hadi chuma king'ae, eneo la sarafu kubwa, waya ukasuguliwa msasa, ukafungwa na kupakwa grisi juu. Kipimo kilishuka hadi 0.2, na sauti ya demarere ikabadilika hapohapo, ikawa ya haraka na ya juu. Rangi kwenye bloku inapendeza, ila mahali pa masi pafunikwe kwa utepe kabla ya kupaka.

Buji za kupasha moto: reli inayoziunganisha ilitolewa, kila moja ikapimwa ukinzani peke yake. Tatu zilisoma chini ya omu 1, ya silinda ya 4 haikusoma kitu. Ikabadilishwa. Buji za Toyota si zote za volti 12. Soma volti iliyoandikwa kwenye mwili wa buji kabla ya kuijaribu moja kwa moja kwenye batri, kwa sababu ya volti ndogo itayeyuka ncha, na ncha iliyoanguka ndani ya chumba cha mwako ni kilasi kushuka tena.

Mshituko wa kwanza ulikuja, kisha moshi mweupe uleule.

Jambo la kusukuma. Bukavu ni mji wa miteremko, na mtu yeyote anayepita atasema liachwe lishuke na gia ya pili. Kwa injini iliyotoka kutengenezwa na ambayo haijajulikana kwa nini haiwaki, hapana. Baada ya siku mbili za demarere, silinda inaweza kuwa na mazutu mabichi juu ya pistoni, na kioevu hakigandamiziki: uzito wa gari ukiilazimisha pistoni kupanda, fimbo yake inapinda. Mkanda mpya ambao haujahakikishwa huruka meno. Na gari likiwa limezimika, breki hazina msaada wa vakyumu, kwa sababu kwenye dizeli vakyumu hutoka kwenye pampu inayozungushwa na injini. Dawa ya kupuliza kwenye njia ya hewa nayo iachwe: ikikutana na buji zenye moto hulipuka mapema, na segma mpya huvunjika.

Siku ya 4: mgandamizo, na hesabu ya mwinuko

Kompresiometa iliwekwa kwenye tundu za buji, buji zote nje, elektrovani imechomolewa, batri imechajiwa usiku kucha. Kitabu cha injini hii kinatoa kilo 32 kwa sentimita ya mraba kwa injini mpya, kilo 20 kiwango cha chini, na tofauti kati ya silinda isizidi kilo 5, injini ikizunguka mara 250 kwa dakika.

Zilizosomwa: silinda ya 1, kilo 26, ya 2, kilo 26, ya 3, kilo 18, ya 4, kilo 25.

Hapa fundi anayesoma kitabu tu atasema segma mpya ni mbovu, kwa kuwa 26 iko mbali na 32. Sivyo. Kitabu kimeandikwa kwa hewa ya usawa wa bahari. Kwenye mita 1,500 hewa ina shinikizo la asilimia 84 hivi ya ile ya pwani, na kinachogandamizwa ni hewa iliyoingia. 32 mara 0.84 ni karibu 27. Injini iliyo kamilifu Bukavu au Goma itasoma hapo, na segma ambazo hazijazoea ukuta wa silinda zitasoma chini kidogo. 26 ni nzuri. Lubumbashi, ambayo iko chini kwa mita 300 hivi, itegemee namba ya juu kidogo.

Silinda ya 3 ndiyo iliyotoka kwenye mstari. Kijiko kimoja cha chai cha mafuta ya injini kiliingizwa kwenye tundu la buji, kipimo kikarudiwa: kilo 19. Kama segma ndizo zingekuwa zinavujisha, mafuta yangeziba na namba ingeruka juu. Haikuruka, kwa hiyo zinazoshukiwa kwanza ni supape. (Kijiko kimoja tu. Mafuta mengi hujaza nafasi na kuleta namba ya uongo.)

Kifuniko cha juu kilifunguliwa, nafasi za supape zikapimwa injini ikiwa baridi. Kwa 3L, supape ya kuingiza hewa inataka milimita 0.20 hadi 0.30, ya kutoa moshi 0.40 hadi 0.50. Ya kutoa moshi kwenye silinda ya 3 ilikuwa 0.10. Sababu inaeleweka: kiti kilisagwa sana baada ya kuungua, supape ikazama ndani ya kilasi, na shina lake likapanda juu kuelekea kame. Nafasi 0.10 injini ikiwa baridi hugeuka sifuri ikipata moto, kisha supape haifungi tena na inaungua. Hata injini ikiwa baridi, supape ambayo haijakaa vizuri kwenye kiti kipya inaweza kuvujisha hewa kwa nafasi finyu hivyo.

Pastili, kile kisahani cha chuma kinachokaa juu ya kikombe cha supape, ilikuwa na unene wa 2.60. Hesabu: unene wa zamani, ongeza nafasi iliyopimwa, toa nafasi inayotakiwa. 2.60 + 0.10 − 0.45 = 2.25. Pastili ya 2.25 iliwekwa, injini ikazungushwa kwa mkono mizunguko kumi ili ikae, ikapimwa tena: 0.45. Mgandamizo wa silinda ya 3 ukarudi kilo 24.

Silinda moja dhaifu haizuii nyingine tatu kuwaka. Hivyo lililozuia gari bado lilikuwepo.

Siku ya 5: kalaji

Mgandamizo wa silinda zote ni mzuri, joto lipo, kasi ipo, mazutu yapo, na moshi ni mweupe. Kinachobaki ni wakati. Mgandamizo uliopimwa jana unasema jambo jingine pia: shafti ya kame ikikosea meno, silinda zote nne hushuka pamoja. Hazikushuka. Kwa hiyo kame iko sawa na pampu ndiyo inayoshukiwa.

Kifuniko cha mkanda nje. Vilbreke ilizungushwa hadi alama ya silinda ya 1 juu, na kame za silinda hiyo zikaangaliwa: lazima supape zake zote mbili ziwe zimefunga, kwa sababu alama ya vilbreke hufika hapo mara mbili na moja kati ya hizo ni ya uongo. Alama ya kame: sawa. Alama ya pampu: nyuma kwa jino moja.

Jino moja linaonekana dogo kwa jicho. Kwa hesabu, gawa 360 kwa idadi ya meno ya puli ya vilbreke: puli yenye meno 24, kwa mfano, ni digrii 15. Pistoni inakuwa imeshaanza kushuka na hewa imeshapoa mazutu yanapofika.

Kosa hili lina njia yake ya kuingia. Ndani ya pampu ya VE kuna sahani yenye vilima na springi nzito. Puli yake ikiwekwa kwenye alama, mara nyingi iko kwenye mteremko wa kilima na haitaki kukaa hapo, inarudi peke yake mkono ukiachia. Mkanda unapopitishwa, inateleza jino moja na hakuna anayeona. Dawa ni kuishika puli kwa ufunguo wakati mkanda unapita, kuanzia vilbreke na kuvuta mkanda ubane upande usio na kikazio, kisha kuachia kikazio, kuzungusha kwa mkono mizunguko 2 na kusoma alama upya. Mizunguko hiyo 2 ya mwisho haikuwa imefanywa.

Klaveti ya puli ya pampu, kipande cha chuma kinachoifunga puli kwenye shafti, ikaangaliwa pia. Ikikatika, alama za nje zinasema ukweli na shafti ya ndani inasema jingine. Ilikuwa nzima.

Mkanda uliwekwa upya, alama tatu zikasomeka sawa baada ya mizunguko 2. Kisha komparateri, saa ya kupimia ya sehemu za mia za milimita, ikafungwa kwenye tundu la katikati nyuma ya pampu. Vilbreke inarudishwa nyuma hadi sindano isimame, hapo inawekwa sifuri, halafu inapelekwa mbele hadi alama ya juu na kusomwa. Kama pampu ina kifaa cha kuwashia baridini, kiondolewe mzigo kwanza, maana kinasogeza kalaji na kipimo kitadanganya. Usomaji ulikuwa pungufu ya kitabu kwa milimita 0.12. Nati za pampu zililegezwa na mwili wake ukageuzwa kidogo kinyume na mzunguko wa shafti yake. Upande huo ndio unaowahisha. Geuza, kaza, pima tena: mara ya tatu ikakaa ndani ya kipimo.

Ubao bapa uliwekwa karibu na mdomo wa njia ya hewa kabla ya kuwasha. Injini ikipata mafuta au mazutu yasiyopita kwenye pampu, inaweza kupaa kasi na ufunguo usiizime. Kuziba hewa ndiyo njia ya kuisimamisha.

Buji sekunde 15, demarere. Sekunde ya 3 silinda mbili zilishika, ya 6 zote nne. Moshi mweupe ulidumu dakika 2 na kuisha. Ubao haukutumika.

Baada ya kuwaka

Mafuta ya injini: shinikizo lilipanda mara moja, hakuna tone. Maji: hewa ilitolewa huku hita ya ndani ikiwa wazi, radiata ikaongezwa lita 1.3. Mwendo wa kupumzika umewekwa karibu mizunguko 750 kwa dakika. Mzigo mkubwa na kupanda Ngomo vimezuiwa hadi kilomita 500, kisha mafuta na filta yabadilishwe, nafasi za supape zipimwe upya zote nane, hasa ya kutoa moshi ya silinda ya 3.

Bado kuna jasho la mazutu kwenye mrija wa kurudi wa injekta ya 2. Pete yake ya shaba ndiyo pekee iliyorudishwa ya zamani. Itabadilishwa kesho asubuhi injini ikiwa baridi.